Tangi la Gesi Lisifukiwe, Lipashwe Joto

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Nyinyi mnaolifunua jarida hili mbio mbio mkitafuta ukurasa wa vichekesho, subirini. Vichekesho viko huko mbele, havitatoroka. Kwanza nipeni dakika chache, kwa maana nina neno juu ya lile tangi la bayogesi lililo nyuma ya zizi la shule.

Tangu muhula wa pili, jiko la gesi lilipoanza kutoa mwale mdogo kama wa kibatari, kila mtu hapa amekuwa hakimu. Kwenye foleni ya githeri utasikia, "Lile ni kaburi la pesa za wazazi." Bwenini utaambiwa ati ng'ombe wetu wamekuwa wavivu. Na juzi ikatufikia habari kwamba imependekezwa tangi lifukiwe, na mahali pake pajengwe banda kubwa zaidi la kuni. Banda la kuni, jamani! Mimi siafiki, na nina sababu zangu.

Silitetei tangi kwa kuwa ni zuri machoni. Si zuri. Nalitetea kwa kuwa limeshtakiwa kwa kosa lisilo lake. Mwenye kesi ni baridi, na baridi ina mshirika wake, nayo ni ile tabia yetu ya kulilisha tangi mwezi wa Julai vile vile tunavyolilisha mwezi wa Februari.

Hebu tuanze na kinachotendeka mle ndani. Samadi ikichanganywa na maji kiasi kwa kiasi, ikafungiwa mahali pasipo hewa, vijidudu huifanyia kazi kwa zamu. Kuna wanaovunjavunja nyasi na makapi ambayo ng'ombe hakuyamaliza. Kuna wanaogeuza mabaki hayo yakawa asidi. Mwisho kabisa wako wale wanaoila hiyo asidi na kutoa methani, ile gesi inayowaka. Gesi inayotoka kwenye bomba si methani tupu. Methani huwa kama asilimia 55 hadi 65, iliyobaki kwa sehemu kubwa ni hewa ya kaboni, pamoja na kidogo cha ile gesi yenye harufu ya yai viza ambayo wengi wenu mmeifanya kisingizio cha kukwepa zamu ya zizi.

Sasa, hawa wa mwisho, wazalishaji wa methani, ni watu wa kubembelezwa. Hawataki hewa, hawataki asidi kali, huzaana polepole, na zaidi ya yote wanapenda joto. Raha yao ni karibu nyuzi 35 hadi 37. Wako pia wenzao wa jamii nyingine wanaostawi kwenye nyuzi 50 hadi 60, lakini hao ni wa mitambo mikubwa ya ng'ambo, sisi tusiwaote. Chini ya nyuzi 20 kazi inazorota. Chini ya 15 inakuwa ya kusukumana. Ikifika 10, karibu kila kitu kinalala. Kwa makadirio ya jumla, kila joto likishuka nyuzi 10, mwendo wa kazi hupungua kama nusu.

Wala jambo hili si geni. Mwaka wa 1776 Mwitaliano Alessandro Volta alikusanya gesi iwakayo kutoka kwenye matope ya Ziwa Maggiore. Mwaka wa 1884, kule Ufaransa, Ulysse Gayon, mwanafunzi wa Louis Pasteur, alipovundika samadi apate gesi aliiweka kwenye nyuzi 35. Yaani tangu enzi za babu wa babu zetu ilijulikana kwamba samadi bila joto ni nusu ya habari. Hapa Kenya tangi la kwanza lilijengwa mwaka wa 1957 kwenye shamba la kahawa. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba haya ni mambo ya majaribio.

Ukitaka kuelewa kwa urahisi zaidi, mtazame ng'ombe mwenyewe. Ndani ya tumbo lake kubwa mna nyuzi kama 39 mchana na usiku, mvua inyeshe au jua liwake. Mle ndani wamo ndugu wa vijidudu hawa hawa, na chakula hukaa siku moja au mbili tu, kisha ng'ombe huyoo anacheua na kubeua methani hewani bila kumpikia mtu chai. Ng'ombe ni tangi linalotembea, tena tangi lenye blanketi. Tunachukua samadi kutoka kwenye joto hilo, tunaiacha sakafuni usiku kucha ipoe hadi iwe kama barafu, saa kumi na mbili asubuhi tunaikoroga kwa maji ya mfereji yanayouma vidole, tunaimimina shimoni, halafu saa nne tunauliza gesi iko wapi!

Tuzungumze kuhusu mahali tulipo. Sisi tuko Nyandarua, zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari. Hewa hupoa kama nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Nairobi, iliyo kwenye mita 1,700 hivi, wastani wake wa mwaka ni kama nyuzi 19. Ukipanda hadi kwetu wastani unashuka hadi 15 hivi. Mombasa ni 26 na ushei. Sote tunajua vile Julai ilivyo hapa: ukungu hadi saa tano, na asubuhi nyingine sakitu imeunguza majani ya viazi yakawa meusi. Mwalimu wetu wa fizikia alitukopesha kipimajoto, tukakifunga kwa kamba na kukitumbukiza kwenye uji wa samadi kupitia tundu la kuingizia. Nyuzi 16. Tukarudia wiki iliyofuata: 16 tena. Mwenye kutilia shaka aende akapime, kamba bado iko pale pale.

Wapo wanaosema, "Lakini tangi liko chini ya ardhi, ardhi ni blanketi." Ni kweli, ila nusu tu. Ukichimba mita mbili, udongo haujali sana mchana wala usiku; joto lake hukaa karibu na wastani wa mwaka wa mahali hapo. Hiyo ni faida kubwa, kwa sababu vijidudu hawapendi kuyumbishwa, leo moto kesho baridi. Lakini wastani wa mwaka wa kwetu ni 15! Blanketi haliumbi joto, hulinda lililopo. Ukimfunika maiti blanketi tatu, hataamka akaomba uji.

Sasa twende kwenye hesabu, na wale wanaokimbia hesabu wavumilie kidogo. Tuna ng'ombe 12. Tukikusanya kilo 15 za samadi kwa kila mmoja, ni kilo 180 kwa siku. Tukitia maji kiasi kile kile, tunamimina lita 360 kila siku. Sehemu ya tangi inayobeba uji wa samadi ni mita za ujazo 12, yaani lita 12,000. Gawanya: samadi inayoingia leo inasukumwa nje baada ya siku 33. Kwenye nyuzi 30 siku hizo zinatosha. Kwenye nyuzi 16 hazitoshi hata kidogo. Kwa baridi hiyo samadi inahitaji kukaa siku 80 hadi 100 ndipo iive. Kwa maneno mengine, tangi letu lina kimo cha tangi la Mombasa au Garissa. Aliyelichora hakukosea hesabu, alikosea ramani.

Mnajua kinachofuata. Samadi inatoka nje ikiwa mbichi. Ndiyo maana ule uji unaotoka upande wa pili bado unanuka na nzi wanausherehekea, ilhali uji ulioiva huwa hauna harufu kali na nzi huupita. Watu wanauona ule uchafu wanasema, "Teknolojia imefeli." Haikufeli. Chakula kimepakuliwa kabla hakijaiva.

Tena kuna la pili ambalo ni baya zaidi, nalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Wale vijidudu wa kutengeneza asidi wanaivumilia baridi kuliko wale wa methani. Baridi ikija, asidi inaendelea kutengenezwa lakini walaji wake wamepungua nguvu, kwa hiyo inarundikana. Gesi inapopungua, sisi tunafanya nini? Tunaongeza samadi! Wilbaro mbili zaidi, tatu zaidi, tukidhani tangi lina njaa. Kumbe tunamlisha mgonjwa aliyevimbiwa. Zaidi ya hayo, kila wilbaro tunayoongeza inasukuma nje wale wazalishaji wachache wa methani waliobaki, nao wenyewe huzaana kwa kusitasita. Bahati yetu ni kwamba samadi ya ng'ombe ina uvumilivu, haichachuki haraka kama mabaki ya jikoni. Ingekuwa tunatia maganda na ugali, tangi lingekufa mwezi wa Juni.

Kwa hiyo rai yangu ya kwanza haigharimu hata shilingi: kuanzia Juni hadi Agosti tangi lilishwe theluthi moja tu. Badala ya kilo 180, tutie 60 au 65. Zitakaa siku kama 90, zitaiva, na tutapata gesi ambayo haitakuwa chini ya ile tunayopata sasa kwa kutia mara tatu. Samadi inayobaki nitawaambia pa kuipeleka.

Lakini nisiwadanganye. Kulisha kidogo kunaliponya tangi, hakulifanyi lijaze sufuria. Tukitaka gesi nyingi hatuna budi kulitafutia joto, na hapa ndipo watu hurusha mikono juu na kusema sisi si Wajerumani. Ni kweli, kule Ujerumani kuna mitambo ya bayogesi kwa maelfu, na wakati wa majira ya baridi hawaitegemei hali ya hewa. Gesi huendesha injini ya umeme, na moto wa injini hiyo hiyo huzungushwa kwa mabomba kulipasha tangi. Sisi hatuna injini. Je, tuchemshe maji ya kukorogea kwa gesi yetu wenyewe? Nilidhani Kidato cha Nne wangeshapiga hesabu hiyo kabla ya kulipendekeza wazo lenyewe kwenye mdahalo. Kupasha lita 180 za maji kutoka nyuzi 15 hadi 50 kunahitaji megajuli 26 na nusu. Mita moja ya ujazo ya bayogesi ina megajuli 21 hivi, na jiko la kawaida likikupatia nusu yake na kidogo zaidi, umebaki na kama 11 na nusu. Kwa hiyo utateketeza mita 2.3 kila siku ili upashe maji tu. Tangi lenyewe kwenye baridi halizidishi mita 3. Utakuwa unamnywesha ng'ombe maziwa yake mwenyewe.

Joto lazima litoke mahali ambapo halina bei. Wenzetu wenye baridi kuliko sisi wameshalitafuta na kulipata. Kule Liaoning, kaskazini mwa China, ambako majira ya baridi maji huganda yakawa jiwe, wakulima hujenga nyumba moja ya kioo au plastiki, ndani yake wanapanda mboga, kwenye kona wanaweka nguruwe na choo, na tangi la gesi wanalizika chini ya hao nguruwe. Jua linapasha nyumba, nyumba inapasha tangi, na uji wa samadi unarudi kwenye mboga. Huko Bolivia, kwenye nyanda zinazozidi mita 4,000, mara moja na nusu ya kimo chetu na zaidi, watu hulaza tangi la plastiki ndani ya mtaro wenye kuta za matofali ya udongo na kulifunika kwa nailoni kama kitalu. Udongo ule mnene hunywa joto la mchana na kulirudisha usiku. Na kule Nepal, ambako mpango mkubwa wa matangi ya kijijini ulianza mwaka wa 1992, wenye nyumba za milimani hurundika mboji juu ya kuba la tangi, kwa sababu mboji inayooza vizuri hupata moto hadi nyuzi 50 na 60.

Mnaona sasa ile samadi yetu inayobaki itaenda wapi! Tuichanganye na mabua na majani makavu, tuirundike juu ya kuba na kulizunguka. Wakulima Chipukizi wanajua kutengeneza mboji kuliko mimi, hiyo kazi nawaachia wao na mwalimu wetu wa kilimo. Juu yake tusimamishe fremu ya miti na nailoni ile ya vitalu vya nyanya, ambayo siku hizi kila mkulima wa hapa anaijua. Tahadhari moja: kitalu hicho kiachiwe madirisha pande mbili, na asiingie mtu na kiberiti wala sigara (nyinyi mnajijua). Methani ikivuja na kufika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa ya ndani, cheche moja yatosha.

Maji ya kukorogea yasitoke mferejini asubuhi. Pale kando ya zizi kuna pipa jeusi lililoachwa bila kazi. Lijazwe jioni, liangaliane na jua, na kukoroga kufanyike saa saba au saa nane mchana badala ya alfajiri. Najua hili litagusa ratiba ya zamu, na mwalimu wa zamu atanitazama kwa jicho. Lakini kazi inayofanywa saa isiyofaa haina faida ya kutimizwa mapema. Siku za ukungu wapishi wetu wanaweza kutugawia maji yanayoachwa kwenye masufuria makubwa yapate joto la makaa yanayozimika baada ya chakula cha mchana. Makaa yale hupotea bure kila siku. Ila maji yawe masafi. Maji ya kuoshea vyombo yenye sabuni yakiingia mle tutawaua vijidudu tunaojidai kuwapasha moto.

Samadi nayo iokotwe mapema ikingali na mvuke. Imetoka kwenye nyuzi 38 au 39, hakuna anayetudai pesa za joto hilo. Tukiifunika kwa gunia ndani ya ndoo hadi mchana, haitapoa yote. Na mtaro uchimbwe upande wa juu wa tangi ili maji ya mvua yasituame pale. Udongo uliolowa hunyonya joto haraka kuliko udongo mkavu, sawa na vile soksi zilizolowa zinavyotutesa kwenye gwaride. Mtaro ni kazi ya Jumamosi moja.

Je, hayo yote yatafikisha tangi nyuzi 35? Hapana, na yeyote atakayewaahidi hivyo anawauzia mbuzi kwenye gunia. Lakini likitoka 16 likafika 23 au 24, mwendo wa kazi mle ndani utakaribia kuongezeka mara mbili. Kwenye joto zuri kilo moja ya samadi hutoa lita 35 hivi za gesi; kwa kilo 180 ni mita za ujazo 6 na kidogo. Nikikadiria bila kujipendelea, kwa nyuzi 24 tunaweza kupata 4.

Mita 4 ni nini kwa shule ya watu 600? Hapa nakubaliana na wapinzani wangu kwa jambo moja. Lile tangi halitapika githeri, halikuwahi kuweza kupika githeri, na yule aliyetuambia siku ya uzinduzi kwamba tumezika shoka na panga alitutia maji kwenye kibuyu kilichotoboka. Familia ya watu watano au sita hutumia mita moja na nusu hadi mbili kwa siku. Tukizidisha kwa watu 600 ni kama 180. Hata tukikata nusu kwa kuwa sufuria kubwa hubana moto, ni 90. Tungehitaji ng'ombe zaidi ya 170. Wangelala wapi, kwenye maabara?

Lakini chai je? Hapa kwetu maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi kwa sababu ya kimo, na mita moja ya gesi huchemsha lita 35. Mita 4 ni lita 140. Kwa kikombe cha theluthi moja ya lita, hivyo ni vikombe 420, katika miezi ile ya baridi. Miezi ya jua, Januari na Februari, tukipata 6, ni lita 210, yaani kikombe kwa kila mwanafunzi na vya walimu vinabaki. Chai ya saa nne, bila gogo hata moja. Na siku chai haihitajiki, gesi iende maabara, ambako tunawasha vibatari vya spiriti kwa zamu kana kwamba moto ni mgao wa sukari.

Nasikia pia kuna wanaochukizwa na chai ya samadi. Hao sitawajibu kwa kirefu. Sukuma wiki wanayoila imekua kwenye samadi ile ile, tena bila kupitia moto.

Kuhusu banda la kuni, nina swali kwa wanaolitaka. Mwezi wa Februari mwaka wa 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti kwenye misitu ya umma, shule zinazopikia kuni zilihangaika. Julai 2023 ikatangazwa marufuku hiyo kuondolewa, lakini bei ya lori la kuni haikukumbuka kushuka, waulizeni wazazi. Nani anajua siku gani itasimamishwa tena? Halafu ingieni jikoni dakika tano tu. Mama anayetupikia uji amefanya kazi pale miaka mingi kuliko umri wangu, na macho yake ni mekundu Jumatatu hadi Jumapili. Anakohoa. Wakati wa mwezi wa pili, gesi ilipokuwa nzuri, alikuwa akipikia chai kwenye kona yake akiimba. Wimbo huo ulikoma Juni, na sijamsikia mtu hata mmoja akiuhesabu katika hasara za tangi.

Na kufukia si jambo rahisi kama linavyotamkwa. Ndani mna lita elfu 12 za uji ulio hai. Ukitupia udongo juu, vijidudu hawasikii tangazo. Wataendelea kutoa methani, nayo itapenya nje. Methani katika miaka mia moja hulipasha anga joto kama mara 28 kuliko hewa ya kaboni ya uzito ule ule, sasa tutakuwa tumeacha kuichoma jikoni na kuiachilia juu. Na ikiamuliwa kwanza tangi limwagwe, tafadhali, nawaomba wakubwa wetu kwa heshima zote, asiteremshwe mtu mle ndani, awe mfanyakazi wa shamba au mwanafunzi aliyepewa adhabu. Hewa ya mle haina oksijeni, na ile gesi ya yai viza ikizidi huua pua kwanza, usiinuse tena, kisha humwangusha mtu kabla hajapiga kelele. Anayeruka kumwokoa huanguka juu yake.

Bodi inakutana kabla ya shule kufungwa. Ninachoomba ni mwaka mmoja. Nailoni, miti michache ya fremu, mtaro, na pipa jeusi ambalo tayari ni letu. Kidato cha Tatu tumejiandikisha watu wanane kupima joto la tangi kila Jumatatu na Ijumaa na kuliandika kwenye daftari pamoja na dakika ambazo jiko liliwaka. Daftari hilo litatundikwa kwenye mlango wa jiko, aone apendaye. Ikifika wiki ya pili ya Julai ijayo, kipimajoto bado kinasoma 16 na chai bado inapikwa kwa kuni, jembe la kufukia nitashika mimi wa kwanza.